Gazi, kijiji kinacholipwa kwa miti kisiyoikata

Kama umewahi kupanda SGR na mabeste zako mkielekea Diani, basi ulikaribia Gazi bila kujua. Mlivuka feri Likoni, mkashuka Ukunda, mkakata kushoto kuelekea baharini, na safari yenu ikaishia hapo. Picha zikapigwa, bando likaisha, Jumapili mkarudi Nairobi.

Siku nyingine usishuke Ukunda. Kaa kwenye matatu ya Msambweni, pita Kinondo, kisha umwambie konda akushushe Gazi. Utakuwa umesafiri kilomita 50 hivi kutoka Mombasa. Kutoka barabara kuu ya Lunga Lunga, njia ya kijijini inashuka kuelekea baharini kati ya minazi na miembe. Unaweza kutembea, au upande bodaboda kama jua limekushinda.

Ukifika, usitarajie maajabu. Utaona nyumba za udongo na makuti zikiwa jirani na za mawe na mabati. Kuna msikiti, shule, maduka madogo na vyombo vya uvuvi vimelala kwenye mchanga. Halafu nyuma ya kijiji, na kuzunguka ghuba nzima, kuna msitu wa mikoko unaosimama ndani ya maji ya chumvi.

Stori yetu ni ya msitu huo. Kijiji hiki kimeona mabwana, vita na viwanda vikija na kuondoka. Siku hizi kinapata pesa kwa kazi ambayo ukiisikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha: kuacha miti isimame.

Saa ya kijiji ni maji

Mjini unaamshwa na simu. Gazi, anayepanga ratiba ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hivyo mvuvi aliyetoka alfajiri leo, wiki ijayo huenda akatoka jua likiwa limeshapanda. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa kupita kiasi kisha yakapwa mpaka ghuba ikabaki tope na mchanga. Katikati huja maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mtoto wa Gazi anajua haya kabla hajajua majina ya miezi ya kizungu.

Pepo nazo zina zamu. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari ya nje huchafuka na wenye mitumbwi midogo hung'ang'ana humu humu ndani ya ghuba. Kaskazi ikirudi, watu huvuka mwamba na kwenda mbali zaidi. Ghuba yenyewe imekingwa. Upande wa mashariki kuna rasi ya Chale, na upande wa kusini kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, huleta maji baridi kutoka bara. Chumvi na maji baridi vikikutana kwenye tope lililotulia, hapo ndipo mikoko hupapenda.

Lugha utakayosikia zaidi ni Kidigo, kisha Kiswahili. Ukipita mbele ya nyumba ya watu bila kusalimia, utakumbukwa kwa hilo mpaka uondoke. Anza na shikamoo kwa wazee. Usiwe na haraka, kwa sababu salamu hapa ina hatua zake: za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za safari. Baada ya hapo ndipo utaulizwa umetoka wapi na u mwana wa nani. Ukiambiwa vijana wameenda chuoni, usidhani ni Kenyatta University. Chuo hapa ni madrasa.

Mchana utakuta mama amekaa kwenye mkeka akisuka makuti, na wavulana chini ya mti wakishona nyavu huku simu inapiga Bongo Fleva. Sahau ile picha ya ushago ambao muda umesimama. Kinachokosekana ni kelele tu.

Kabla ya mikoko kuwa habari

Ukisoma historia ya Pwani shuleni, ulikutana na ukoo wa Mazrui. Ndio waliotawala Mombasa kwa muda mrefu wakati Wareno walipokwisha kufukuzwa. Mwaka 1837 Seyyid Said, aliyetawala Omani na Zanzibar, aliwanyang'anya Mombasa. Ukoo ukagawanyika. Tawi moja lilikwenda kaskazini likakaa Takaungu, lingine likaja kusini, hapa Gazi.

Katika tawi hili la kusini alitoka Mbaruk bin Rashid, mtu ambaye hakuwahi kukubali kwamba Mombasa imekwenda. Kwa miaka mingi aliinuka mara kwa mara dhidi ya masultani wa Zanzibar. Alishindwa, akapatanishwa, akainuka tena. Mwaka 1895, ukiwa ndio mwaka Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, ugomvi wa nani arithi uongozi wa Takaungu uligeuka kuwa vita. Waingereza walimuunga mkono mtu wao. Mpinzani wake akakimbilia Gazi, na Mbaruk akakataa kumtoa.

Mapigano yalienea ukanda mzima wa pwani. Agosti 1895 Waingereza walivamia Mwele, ngome ya Mbaruk iliyokuwa bara msituni. Hakuinua mikono. Ilibidi waletwe wanajeshi kutoka India kabla ya vita kuisha, na Aprili 1896 Mbaruk na wafuasi wake wakavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, nchi ambayo leo ni Tanzania. Hakurudi tena Gazi kutawala.

Usiharakishe kumfanya shujaa wa fulana. Alipigana na wakoloni, ni kweli. Lakini utajiri wa mabwana wa Pwani wakati huo ulisimama juu ya mashamba yaliyolimwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria kwenye ukanda huu hadi 1907. Unapotembea Gazi, unakanyaga ardhi ya wale waliotawala, ya wale waliotumikishwa, na ya Wadigo ambao kaya zao ziko karibu. Wajukuu wa watu hao wote leo wanasubiri matatu kwenye steji moja.

Boriti juu ya kichwa chako

Sasa turudi kwenye miti. Mtu wa mjini huona mikoko yote kama kichaka kimoja cha kijani. Wenyeji wana jina la kila mmoja: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu wenye vijiti vinavyochomoza kwenye tope, muia, mkandaa, mlilana unaosimama mbele kabisa ukitazamana na bahari, mkomafi wenye tunda la duara kama mpira. Kenya inahesabiwa kuwa na aina tisa, na zote zipo kwenye ghuba hii ndogo.

Kila mti ulikuwa na kazi yake, na kila unene wa mti una jina lake: fito, pau, boriti, nguzo. Huuzwa kwa korija, yaani miti ishirini. Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe Lamu au Mombasa, inua macho. Ile miti iliyobeba dari ni boriti za mikoko. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia miti hii kutoka pwani yetu hadi Arabuni na Ghuba, sehemu ambazo miti ya kujengea ni adimu. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku Kenya mwaka 1982. Misitu yenyewe ilikuwa imetangazwa mali ya serikali tangu 1932.

Mwanakijiji anayekata pau chache za kujengea nyumba ya mwanawe hawezi kumaliza msitu. Mambo yaliharibika Gazi viwanda vilipoingia. Miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za tanuri, za kuchoma matofali na chokaa. Sehemu nyingine zilifyekwa zikabaki wazi kabisa.

Ukifyeka shamba la mahindi, msimu ujao unapanda tena. Ufuo hauko hivyo. Mizizi ya mikoko ndiyo inayoshika tope. Ikiondoka, mawimbi hubeba tope, na mbegu inayoelea haipati mahali pa kusimama. Samaki na kamba wachanga hujificha katikati ya mizizi hiyo mpaka wawe na nguvu za kutoka nje. Ukiondoa mizizi, umemnyima mvuvi samaki wa mwaka kesho. Kwa hivyo faida ilikwenda na moto wa tanuri, na hasara ikabaki ufuoni, ikingojea watu ambao wengine walikuwa hawajazaliwa.

Kijiti kimoja kwenye tope

Mnamo 1991, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), ambayo ina kituo hapa Gazi, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji.

Mbegu ya mkoko ni ya ajabu kidogo. Huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka kama bamia kubwa iliyonyooka. Ikikomaa, huanguka. Maji yakiwa yamekupwa, inaweza kuchoma kwenye tope na kuanza maisha papo hapo. Yakiwa yamejaa, huelea mpaka ipate pa kutua. Kuipanda ni kuishika na kuichomeka. Mtoto anaweza. Kazi ngumu ni kujua wapi, kwa sababu kila aina ina kiwango chake cha maji na chumvi. Ukipanda mahali pabaya, bamvua moja linaondoka na jasho lako lote. Halafu unangoja. Mti huchukua zaidi ya miaka kumi kufikia unene wa boriti.

Mwaka 2013 ukaanza mradi ambao umeipeleka Gazi duniani: Mikoko Pamoja, unaoendeshwa na vijiji viwili jirani, Gazi na Makongeni. Wanalinda hekta 117 za msitu, kati ya zaidi ya hekta 600 zilizo kwenye ghuba. Na wanauza kaboni.

Tuseme kwa lugha rahisi. Mti unapokua hunyonya hewa ya kaboni dioksidi na kuigeuza kuwa shina, majani na mizizi. Msituni bara, jani likianguka huoza na sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani. Kwenye tope la mikoko hakuna oksijeni ya kutosha, basi uozo ni wa polepole sana, na kaboni hufukiwa humo kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana ekari moja ya mikoko huhifadhi kaboni nyingi kuliko ekari ya misitu mingi ya nchi kavu. Wataalamu hupima, mkaguzi wa nje huthibitisha, kisha kampuni na watu binafsi, wengi wao ng'ambo, hulipa kwa kila tani. Msitu wa Gazi huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka.

Pesa hazigawanywi nyumba kwa nyumba. Zikitolewa gharama za kulinda na kupanda, wanakijiji hukaa barazani wakaamua zifanye nini. Zimeleta maji ya bomba na kununua vitabu na vifaa vya shule. Mwaka 2017 mradi ulishinda Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Ulikuwa wa kwanza wa aina yake kuuza kaboni ya mikoko, na baadaye Vanga, huko mpakani, wakaufuata kwa mradi wao wa Vanga Blue Forest.

Wanawake wa Gazi nao hawakungoja kuletewa. Wana kikundi kinachoendesha daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Mgeni hulipa, hutembea juu ya tope akionyeshwa mti baada ya mti, na akiagiza mapema hupikiwa wali wa nazi na samaki.

Hesabu ambayo si rahisi

Hapa ndipo usinielewe vibaya. Gazi haijawa Dubai. Tani 3,000 kwa mwaka, ukigawanya mapato yake kwa maelfu ya watu wa vijiji viwili, hazimpi mtu mshahara. Zinatosha bomba la maji, hazitoshi kodi ya keja yako Mombasa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne bado anapanda matatu kwenda Ukunda kutafuta kibarua hotelini.

Halafu watu bado wanapika na bado wanajenga. Ukimwambia mtu asikate mkoko, mwambie pia kuni atoe wapi. Mradi ulijua hivyo, ukapanda mivinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kugusa ufuo. Hatua hiyo haina mvuto wa picha, lakini bila hiyo mradi wenyewe ungekuwa amri tupu.

Kuna swali lingine ambalo vijana wengi huuliza, na ni haki yao: kwa nini mtu wa ng'ambo aendelee kuchafua hewa, kisha alipe kidogo ili sisi tulinde msitu? Tena msitu ni wa serikali. Kijiji kinaulinda kupitia chama cha jamii cha misitu, kwa makubaliano yaliyowezeshwa na sheria ya misitu ya 2005. Mwaka 2023 Bunge lilibadilisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi, ikasema miradi ya kaboni ya ardhini lazima iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Ukisikia kampuni imekuja ushago kwenu kuongea kaboni, nambari ya kuuliza kwanza ni hiyo 40.

Linganisha na majirani. Kusini kidogo kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kilifungwa mwaka 1988, na ajira zikafa pamoja nacho. Bara kidogo kutoka hapa palikuwa na mgodi wa titani wa Base Titanium. Shehena yake ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014, na mwisho wa 2024 uchimbaji ukakoma. Mgodi huo uliingiza pesa nyingi mno kuliko mikoko, ulijenga hata bwawa kwenye mto Mkurumudzi. Kisha madini yakaisha.

Mikoko haitoi nyingi, lakini haiishi mradi isikatwe. Na hata mnunuzi wa kaboni akipotea kesho, samaki bado watazaa mizizini na mawimbi bado yatavunjika kabla ya kufika nyumba za watu. Nadhani wazee wa hapa hawakuhitaji mkaguzi kuwaeleza hilo. Kilomita chache kaskazini iko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kanuni yake ni fupi: ukiingia unajifunga kaniki, hukati kitu, hutoki na kitu. Msitu wa Kinondo ulilindwa hivyo kabla ya neno kaboni kufika Kwale.

Ukienda

Ukiamua kwenda, nenda kwa adabu. Hapa si ufukwe wa hoteli. Kijiji ni cha Waislamu, basi beba leso na ujistiri ukipita njiani. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Lipa ada ya daraja bila kubembeleza kupunguziwa, maana pesa hizo zinalisha nyumba. Uliza maji yanajaa saa ngapi kabla ya kupanga safari, kwani mikoko wakati wa maji kujaa na wakati wa kupwa ni sehemu mbili tofauti. Na ukiruhusiwa kupanda mbegu, vaa viatu visivyokuuma kuharibika.

Lakini hata usipokwenda, chukua hii. Mkataba wa kwanza wa Mikoko Pamoja ni wa miaka 20. Mtoto aliyezaliwa Gazi mwaka ulipoanza atakuwa na miaka 20 utakapokwisha, 2033. Yeye na rika lake ndio watakaokaa barazani kuamua kama miti ibaki au iende. Atakuwa na simu kama yako, shida ya ajira kama yako, na pengine mtu mwenye noti amesimama mlangoni.

Wewe ushago kwenu kuna nini kinachosimama kwa sababu mtu fulani alikataa kukikata? Kisima, msitu, mti wa mkutano, shamba la babu? Mpigie shangazi umuulize. Anajua, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.